Msafara Ule Ule, Macho Mengine

Wasomaji wa riwaya za kihistoria tukikutana, hata kama ni kwa ujumbe wa sauti kwenye simu kwa sababu kila mtu yuko mji wake, swali la kwanza ni lile lile: haya yalitokea kweli? Ni swali halali. Likiachwa peke yake, hata hivyo, linageuza mazungumzo kuwa mtihani, na mwenye tarehe nyingi kichwani ndiye anayesikilizwa. Tulipoisoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah nilishika swali jingine ambalo naona lina faida zaidi: mwandishi alikuta nini kimeshaandikwa, na alipokichukua alikiweka mbele ya macho ya nani?

Riwaya hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na mwaka huo huo ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kupewa Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz, ambaye anamjua kama ami yake. Anadhani anakwenda kutembea. Kumbe baba yake ana deni asiloweza kulilipa, na mtoto amewekwa rehani.

Mahali tulipokaa sana ni katika safari ya bara. Msafara wa Aziz unafika Marungu, kwa mtawala aitwaye Chatu. Usiku watu wa Chatu wanauvamia, wanapiga, wanachukua mali. Chatu ana hoja yake: mfanyabiashara mwingine alipita hapo kabla yao akamdhulumu, na hawa wa sasa ndio watakaolipa.

Kisa hicho kina asili yake. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, alichapisha mwaka 1901 kitabu cha Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na miongoni mwa watawala aliokumbana nao yumo mmoja aitwaye Chata. Wahakiki wa fasihi wameshazilinganisha kazi hizi mbili na kuonyesha jinsi Gurnah alivyolifuata simulizi hilo kwa karibu. Mwenye kutaka uhakika wa kwamba misafara ilinyang'anywa mali, basi ushahidi upo, na umeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekwenda mwenyewe.

Lakini kazi ya riwaya inaanzia pale ambapo uhakika huo umeshapatikana. Chande anasimulia kama mfanyabiashara. Anajua kilichompeleka bara, anajua mali yake, na akipata hasara anajua amepoteza nini. Gurnah ameliacha tukio karibu kama lilivyo, akamwondoa msimulizi mwenye mali na kumweka mtoto ambaye yeye mwenyewe ni sehemu ya mali. Hapo ndipo mantiki ya Chatu inapopata uzito ambao haiwezi kuupata katika simulizi la tajiri. Chatu anamtoza Aziz deni la mtu mwingine. Aziz naye amemtoza Yusuf deni la mtu mwingine. Tajiri aliyezoea kuchukua watoto wa wadeni wake anakutana na mkono ule ule, na anayeshuhudia ni mmoja wa watoto hao. Gurnah halisemi hili waziwazi popote. Amepanga tu watu mahali pao na kumwachia msomaji aone.

Kisha huko Marungu anakuja Mzungu, ofisa wa Kijerumani, na askari wake, anasikiliza mashitaka, anaamuru mali irudishwe. Hapa mjuzi wa historia ana la kutufaa. Wajerumani hawakuupiga marufuku utumwa moja kwa moja katika koloni lao. Walitoa amri za kuupunguza polepole, kwa mfano kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Ili utumwa ufutwe kabisa, Tanganyika ilisubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Ukilijua hilo, hukumu ya Marungu inasomeka vingine: serikali iliyofika inatambua haki ya tajiri juu ya bidhaa zake, lakini hali ya Yusuf, au ya Khalil, kijana mwingine anayehudumu katika duka la Aziz kwa sababu ya deni, haimo katika kesi.

Mfano mdogo zaidi ni pesa. Mwanzoni mwa riwaya, kila Aziz anapoondoka humpa Yusuf sarafu, na mara nyingine hufikia anna kumi. Kwetu pakazuka ubishi mkali: kwa nini anna, wakati Wajerumani mwaka 1904 waliigawa rupia yao katika heller 100? Wengine wakasema mwandishi kateleza. Mimi nasema lugha ya sokoni haibadiliki siku moja na amri ya serikali. Anna ilikuja na rupia ya Kihindi, na watu huendelea kuhesabu kwa walichokizoea. Ila ubishi ule ulitupitisha kando ya jambo kubwa lililo wazi ukurasani. Mtoto anangoja sarafu kwa furaha kutoka kwa mtu atakayemchukua. Gurnah ameanza kuonyesha deni kwa zawadi.

Ndiyo maana nathamini kusoma na wenzangu wenye ujuzi mbalimbali. Aliyehifadhi Kurani ndiye aliyetuonyesha mapema kwamba nguo ya Yusuf kuchanwa kwa nyuma na bibi wa nyumba inatoka katika kisa cha Nabii Yusuf, na akauliza kwa nini Yusuf huyu hapati ile daraja ya juu ambayo mwenzake aliifikia Misri. Hakuna nyaraka za Velten zinazoweza kulijibu swali hilo. Linajibika kwa kuitazama riwaya yenyewe hadi mwisho, ambapo Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, vita vikikaribia.

Sisi tunajua kilichokuwa kikiwangoja. Jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki lilianza vita mwaka 1914 likiwa na askari Waafrika wapatao 2,500, likaongeza wengine na wapagazi wengi mno, na likapigana mpaka Novemba 1918, nchi ikiachwa na njaa. Yusuf hajui lolote kati ya hayo. Wenzangu waliosema amekimbilia utumwa mwingine wanasoma kwa ujuzi wa 1918, na waliosema amejikomboa wanasoma kwa ujuzi wa kijana aliyekaa miaka katika nyumba isiyo yake. Nikilazimika kuchagua, naanza na ujuzi wa kijana, kwa sababu huo ndio mwandishi aliotuwekea tangu ukurasa wa kwanza, kisha ule wa 1918 nauleta baadaye, nikishaelewa kwa nini miguu yake ilikwenda upande ule.