Mkono wa Tangini

Ukisema Kericho, mtu huona chai: wachumaji waliozama kijanini hadi kiunoni, na lori linalokimbiza majani kiwandani siku hiyohiyo. Lakini teremka kuelekea Kipkelion na Fort Ternan, ambako ardhi inainamia bonde la Nyando na joto linapanda kidogo. Chai inaadimika, mibuni inashika nafasi.

Mkulima wa chai akishapimiwa majani, siku yake imekwisha. Wa kahawa ndiyo kwanza anaanza. Matunda yakifika fakitori humwagwa juu ya turubai, na mwenyewe hupiga magoti kuyachambua: mabichi kando, yaliyokauka kando, mekundu tupu ndiyo yanayopita. Jioni hiyo yanamenywa, na punje zenye utelezi zinalala tangini zivundike.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mzee wa tangi. Usiku wa baridi utelezi hukawia kuachia, wa joto huwahi, kwa hiyo saa ya ukutani humdanganya mtu. Alfajiri anazamisha mkono hadi kiwiko, anachota konzi moja, anaisugua. Punje zikiponyoka kama sabuni, anazirudisha bila neno. Zikikwaruzana kama kokoto, anaagiza maji. Akichelewa, kahawa inachacha, na harufu ile haitoki hata uioshe mara ngapi.

Kisha kahawa iliyooshwa huanikwa vichanjani. Siku 10 hadi 14, pengine zaidi, kina mama huipindua kwa viganja huku wakiokota punje zilizovunjika. Jua la adhuhuri likichoma huifunika, ganda lisipasuke. Na mvua ya alasiri ya Kericho haipigi hodi. Ikifika saa nane, macho yote yako mawinguni. Nimeona vichanja vyote vikifunikwa nailoni kabla sijamaliza kufunga koti.

Wanaolima bila dawa za viwandani wana kibarua cha ziada. SL28, aina ya mbuni ya miaka ya 1930 inayosifiwa kwa ladha, hushambuliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda, na kutu ya majani. Ruiru 11, iliyotoka 1985, na Batian ya 2010 huyastahimili magonjwa hayo, na ndizo zilizompa mkulima mdogo nafasi ya kulitundika bomba la dawa. Mengine ni jembe, samadi ya zizini, na maganda ya matunda yenyewe: yakishaozeshwa, hurudishwa shinani. (Yakiachwa yatiririkie mtoni ni balaa, ila huo ni mjadala mwingine.)

Kilo 7 hivi za matunda mekundu hutoa kilo moja ya kahawa safi. Na baada ya jasho lote hilo, ukikaribishwa nyumbani kwa mkulima, utamiminiwa chai ya maziwa.

Ukitaka kuyaona haya, nenda Novemba, ila usijipake manukato. Kahawa hunyonya kila harufu iliyo jirani nayo. Mama wa kichanjani atakufukuza, na atakuwa na haki.