Ufundi wa Kipepeo

Kenya imezoea mabingwa wanaotimka. Agosti 2008, mzaliwa wa Nairobi, Jason Dunford, alipoogelea mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo wa Olimpiki za Beijing na kuweka rekodi ya michezo hiyo, wengi wetu hatukujua hata tunashangilia nini. Rekodi yenyewe haikukawia: Milorad Čavić wa Serbia aliivunja siku hiyo hiyo. Fainalini Dunford akawa wa tano. Miaka miwili baadaye, Delhi, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50.

Mimi huwa narudia kumtazama akiogelea. Kipepeo hakina huruma. Mikono yote miwili hutoka majini pamoja, na kwa kila mzunguko wa mikono miguu hupiga mateke mawili: moja viganja vinapoingia, jingine vinapotoka. Likichelewa hilo la pili, kiuno kinazama na mabega yanabeba mwili mzima. Uso huinuka kidogo tu, unyakue hewa, urudi chini kabla ya mikono. Mwenye misuli bila mpangilio huo atafika nusu ya safari akiwa hoi.

Huku kwetu, kuanzia Muhuru na Sori hadi Mbita na Mfangano, kijana wa ziwani huogelea kichwa juu, macho yakitafuta mashua na wimbi. Yuko sahihi, ziwani hakuna mstari mweusi wa kufuata chini ya maji. Ni ufundi kamili, ila wa kazi nyingine. Cha kusikitisha ni kwamba wapo wavuvi wa omena wanaokesha majini bila kujua kuogelea kabisa.

Uholanzi, nchi ya mifereji, mtoto hupata cheti chake cha kwanza cha kuogelea baada ya jaribio ambalo sehemu yake huifanya akiwa na nguo na viatu. Kwanza asizame, kasi itakuja. Huko ndiko alikotoka Inge de Bruijn, aliyeshinda kipepeo mita 100 Sydney mwaka 2000 kwa rekodi ya dunia.

Naziomba kaunti za Migori na Homa Bay ziajiri walimu wa kuogelea kwa shule za kando ya ziwa, zianze na madarasa ya chini. Na kwa kuwa maji ya ufuoni yana kichocho, kidimbwi kisihesabiwe anasa.