Ngoma Haijumlishwi

Katika hadithi za uchawi wanazozipenda vijana wetu, za vitabuni na za kwenye filamu, hesabu ya nguvu ni nyepesi mno. Mchawi mmoja akizidiwa na zimwi, wanaitwa wengine tisa, wanashikana mikono, mwanga wa kijani unawaka, zimwi linaanguka. Mmoja na tisa ni kumi, basi. Mtu wa Mrima, wa kuanzia Bunju kupanda Bagamoyo hadi Saadani, haisomi hadithi hiyo bila kuguna. Kwao kuunganisha nguvu za watu wengi ni ufundi wenye wenyewe, na jambo la kwanza analolijua fundi ni kwamba watu kumi wakipiga ngoma kumi kwa namna moja wametoa kelele tu.

Fundi huyo ndiye ninayemsifu hapa, pamoja na sogora anayekaa na ngoma yake mbele yake. Kama pepo wapo au hawapo, siingii. Kwenye ngoma za pepo wanaoamini na wasioamini hukaa jamvi moja, na mara nyingi waliokuja kwa udadisi ndio wanaoondoka mwisho.

Aliyetuandikia vizuri mambo haya mapema kabisa alikuwa mwenyeji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikuwa mwalimu wa Kurani kabla hajakwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Mle ndani mna harusi, mazishi, kilimo, safari za bara, na mna pepo. Kinachonivutia ni kwamba Mtoro hawasemi pepo kwa jumla. Yuko Kinyamkera, yuko Dungumaro, yuko Rohani, na kila mmoja ana ngoma yake na namna yake ya kutunzwa. Mwalimu wa Kurani anayaandika haya bila kejeli wala hofu, kama anayeeleza jinsi jahazi linavyoundwa.

Kwa hiyo kazi huanza na jina. Mwele, yaani mgonjwa, analetwa, anafukizwa, anatazamiwa ramli. Hupigwa ngoma za kujaribu, hii, ile, mpaka mabega yake yaitikie mojawapo. Jina likishapatikana, mengine yote hulifuata: rangi ya nguo, ubani au udi, vya kuwekwa kwenye chano, wimbo, mdundo. Rohani watu humhesabu kuwa pepo msafi, wa nguo nyeupe na marashi, na hatakiwi kuletewa vya pepo wa porini. Ukimwita mmoja kwa mdundo wa mwingine hatakuja yeyote, na mwele atakaa pale chini ya shuka akitoka jasho la bure. Waandishi wa hadithi za kubuni, wanaochanganya nguvu ya moto na ya maji na ya upepo katika sura moja kwa kuwa imewapendeza, wangepata somo hapa. Nguvu mbili zikiwa na heshima zao, huwezi kuzimimina tu katika chungu kimoja ukategemea kupata nguvu ya tatu.

Kisha watu. Kilingeni, mahali pa uganga, yumo fundi mwenyewe, yumo mwele, wamo wapigaji, yumo manju wa kuanzisha nyimbo, na wamezungukwa na wateja. Hawa wateja ndio ninaowastaajabia kuliko wote. Ni watu waliowahi kukaa pale pale, wamefunikwa vile vile. Wakapona, au tuseme wakapatana na pepo wao, na tangu siku hiyo wana deni la kuja kumwitikia mwenzao. Hata fundi mara nyingi alianza akiwa mwele, akawa mteja, akakaa miaka chini ya fundi mwingine hadi akapewa mkoba wake. Kikundi kinajengwa na wagonjwa wake. Fundi akiita taireni, wanaoitika taire kwa sauti ya tumboni ni wale wanaoyajua maumivu hayo kwa miili yao, na mtu mwenye afya tele, sauti nzuri na nia safi hawezi kuijaza nafasi hiyo.

Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini, aliishi Bunju miaka ya 1960, Bunju ikiwa bado kijiji cha Wazaramo, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa juu ya mila zao. Aliwatazama hasa wanawake, na humo yamo madogoli, ngoma za uganguzi zinazokesha. Bunju ya sasa imemezwa na Dar es Salaam, ina kituo cha daladala na foleni zake. Lakini jambo moja alilolionyesha halijaisha: mgonjwa haletwi kwa mganga peke yake. Huja na ukoo, na ukoo huo hauruhusiwi kukaa kimya ukitazama.

Sasa ngoma zenyewe, na hapa nitakawia.

Vumi ni nene, ya sauti ya chini. Mpigaji wake hana cha kujionyesha. Kazi yake ni kurudia, saa baada ya saa, bila kuharakisha wengine wanapopandwa na mori. Chapuo, ndogo na ya sauti kali, hukimbia juu yake, na mara nyingi haipigi pale vumi inapopiga. Huingia kwenye matundu inayoyaacha. Upatu hushika mwendo wa wote, na upatu usipokuwapo hupigwa kipande cha chuma au debe. Kisha kuna msondo, mrefu, na hapo ndipo anapokaa sogora. Wenzake wamefungwa, yeye ana ruhusa ya kubadili. Anaweza kunyamaza kabisa kwa muda, akawaacha wachezaji wakielea, halafu akarudi kwa pigo moja ambalo miili yao ilikuwa ikilingoja. Wapigaji wachanga humwonea wivu kwa mikono yake. Mimi namwonea wivu kwa uvumilivu wa kunyamaza wakati uwanja mzima unamtaka apige.

Mmoja huhesabu tatu pale mwenzake anapohesabu mbili. Wanaachana, wanakutana, wanaachana tena. Ukikaa katikati yao unaanza kuusikia mdundo mwingine, wazi kabisa, unaotembea kwa miguu yake, na ukitafuta nani anaupiga humpati. Chapuo haiupigi, wala vumi. Mpigaji mmoja akiinuka kunywa maji, unatoweka.

Anayedhani nasimulia mazingaombwe aende Buganda. Huko wapigaji wawili wa marimba ya amadinda hukaa kila mmoja upande wake wa mbao, wakipiga kwa kasi sawa, mmoja akijaza nafasi za mwenzake, na msikilizaji husikia wimbo usiokuwa mkononi mwa yeyote kati yao. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, aliliandikia makala jambo hilo mwaka 1962. Alionyesha kwamba midundo ya namna hiyo huzaliwa sikioni, pale sauti za juu zinapojikusanya peke yake na za chini zikajikusanya peke yake. Kwa hiyo kile chama cha wachawi wa riwayani, chenye nguvu ambayo hakuna mwanachama aliye nayo, kipo, na kinataka mbao chache na watu wawili wanaoweza kustahimiliana.

Kabla ya hayo yote kuna moto. Usiku wa pwani una umande, na upepo wa bahari hulegeza ngozi hata iwe imewambwa vizuri vipi. Huwashwa makuti makavu, ngoma zinainamishwa, kila mpigaji anagonga yake kwa kidole huku ameinamisha sikio. Ikizidi joto ngozi hupasuka. Ikipungua, vumi na msondo hukaribiana sauti, na hapo ule mdundo usio na mwenyewe hauwezi kuzaliwa, kwa sababu sikio halina tena cha kutenganisha. Wengine hubandika nta katikati ya ngozi ili kuishusha sauti. Watazamaji wageni huona hiki ni kipindi cha kusubiri, wakachezea simu. Laiti wangejua kwamba nusu ya kazi ya usiku inafanyika pale motoni.

Kuna atakayenipinga kwa kunitajia zikri, na pingamizi lake ni zito, hasa Bagamoyo, mji wa tarika ya Kadiria. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa hapa utotoni kutoka Manyema akiwa mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa tarika, na hadi anafariki mwaka 1931 maulidi yake yalikuwa yakikusanya watu kutoka mbali. Katika zikri wote husema tamko moja, huinama pamoja, huvuta pumzi pamoja. Huko si ndiko kumi ni kumi, na mia ni mia? Nakubali nusu. Masheikh hawatapenda niiweke zikri jirani na kilinge, na wana haki. Mimi natazama tu ufundi wa kuongoza pumzi za watu. Hata pale yuko anayeshika mwendo, anayeupandisha na kuushusha, na wako wanaosoma kasida juu ya sauti za wengine. Naye anayeongoza haongozi kwa kuwa ana mapafu makubwa. Ana ijaza, aliyopewa na aliyepewa, na silsila hiyo inarudi nyuma hadi Baghdad kwa Sheikh Abdulkadir. Wengi wa waliojiunga kutoa sauti hiyo moja walikwisha kufa zamani.

Kusini kwetu kulifanyika jaribio kubwa kuliko yote la kuunganisha nguvu za makundi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ya dawa, na maji hayo yakapelekwa kwa watu wasiokuwa na mtawala mmoja, waliowahi kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1905 wakasimama pamoja dhidi ya Wajerumani. Kama ngao, dawa ilishindwa, na gharama yake inajulikana katika kila nyumba ya Umatumbi na Ungoni. Kama mapatano, sijui nyingine iliyofika mbali kiasi hicho kwa muda mfupi vile. Lakini ilikuwa na udhaifu ambao sogora angeuona mara moja: wote walipewa kitu kimoja, chenye kazi moja, na kilipovunjika kwa mmoja kilivunjika kwa wote.

Bagamoyo kulijaribiwa njia nyingine, ya amani. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, baada ya Kundi la Ngoma la Taifa kuvunjwa, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kijana wa Kagera anafika, anafundishwa sindimba ya Wamakonde asubuhi na muheme ya Wagogo jioni. Hukwe Zawose, Mgogo mwenye ilimba na zeze, aliyeweza kushuka na kupanda kwa sauti hadi ukadhani wako watatu, aliishi mjini hapa hadi alipofariki Desemba 2003, na jamaa zake wakaendelea kuimba. Nyimbo za Kigogo, zenye sauti kadhaa zinazokwenda sambamba bila kumezana, zimekuwa sehemu ya mji wa Washomvi na Wazaramo, na hakuna aliyedhurika.

Hata hivyo kuna kitu jukwaa haliwezi kukibeba. Ule ufundi wa kufuma midundo unafundishika, na wanaufundisha vizuri. Deni halifundishiki. Mtazamaji wa tamasha amelipa kiingilio mlangoni, amemaliza. Hatadaiwa kuja usiku mwingine kumwitikia mtu asiyemjua. Ngoma iliyokuwa ikikesha inakatwa iwe ya dakika kumi, na hiyo naielewa, maana watu wana mabasi ya kuwahi. Naona tu tusiseme kwamba kilichobaki ni kile kile kilichofupishwa.

Kilingeni kila kitu kina bei yake na bei hutajwa mbele za watu. Fundi hagusi dawa kabla ya kulipwa ada ya kufungulia mkoba. Na pepo akishapanda, hafukuzwi. Huulizwa anataka nini. Hapo huanza sehemu ambayo hakuna mwandishi wa hadithi za uchawi niliyemsoma aliyeiwazia. Pepo, kwa kinywa cha mwele, hutaka pete ya fedha, nguo ya rangi fulani, mbuzi. Ukoo hunong'onezana. Shangazi wa mwele husogea mbele, hupiga goti kwa adabu zote, akaeleza kwamba mwaka huu mvua haikuwa nzuri, mihogo imeoza, na kama bwana mkubwa angekubali mbuzi mmoja sasa na wa pili baada ya mavuno, wangeshukuru sana. Pepo hukasirika. Wateja huimba kumtuliza. Msondo hunong'ona chini kwa chini ili asije akashuka kabla mambo hayajaisha. Shangazi huongeza kuku. Mapatano yakipatikana, waliopo wote ni mashahidi, na ngoma hupigwa tena kwa nguvu ili hata jirani aliyelala ajue kwamba kuna ahadi imewekwa.

Na hapo bado sogora hajalipwa.