Vizibo Vitatu kwa Herufi Nne

Vizibo vya soda vimepangwa safu moja juu ya dawati. Mwalimu anatamka neno la Kiingereza, "ship", mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida. Mtoto analirudia. Kisha analivuta polepole, na kwa kila sauti anayoisikia anasukuma kizibo kimoja mbele: sh, i, p. Vitatu. Hapo ndipo mwalimu anapoliandika neno ubaoni, na darasa linaona kwamba herufi zake ni nne. Hakuna anayeshtuka, maana "shamba" na "shule" zimekwisha kuwaonyesha kwamba s na h zikiandamana huwa sauti moja. Mshangao amewawekea kwenye neno linalofuata. "Box": vizibo vinne, herufi tatu. Mikono inanyooshwa kila upande. "Ticha, x imemeza k!"

Mwalimu huyu hapendi kuandikwa jina, nami naliacha. Anafundisha Gredi ya Kwanza huko Mwakirunge, ndani ya Kisauni, mbali na fukwe za Bamburi na hoteli zake. Watu wengi wa Mombasa wamelijua jina la Mwakirunge kwa sababu ya taka: tangu jaa la Kibarani lifungwe, malori ya kaunti yanapanda huku. Kwa hiyo vizibo si kitu cha kununua. Anavichemsha, anavisugua kwa sabuni, anavitia ndani ya kopo tupu la mafuta ya Kimbo. Mbinu yenyewe imetoka mbali zaidi ya vizibo. Ni ya Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Kisovieti wa karne iliyopita, aliyetaka watoto wazishike sauti kwa vidole kabla ya kuzitazama kwa herufi.

Ninachokipenda katika kazi yake ni utaratibu: sikio kwanza, mdomo baadaye, jicho mwisho. Sisi tulifundishwa kinyume. Neno lilianza ubaoni, fimbo ikaligonga, darasa zima likaimba. Tukatoka shuleni tunasoma "Wednesday" kwa silabi tatu kamili, wed-nes-day, na tulipomsikia Mwingereza akiitamka tukadhani ametaja siku nyingine kabisa.

Kenya ilianza kuugeuza mpango huo kitaifa mwaka 2015 kwa Tusome, mradi uliofadhiliwa na USAID na kufikisha madarasani vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili pamoja na miongozo ya walimu iliyotilia mkazo sauti za herufi, si majina yake tu. Kabla ya hapo pwani ilikuwa imekwisha kuonja. Kati ya 2010 na 2012, utafiti uitwao HALI ulihusisha shule 101 za upande wa Kwale. Walimu walipewa mipango ya masomo na kutumiwa ujumbe wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao walisoma vizuri kuliko wenzao, na waliokatiza shule walikuwa wachache. Ni habari njema, lakini mwongozo ni karatasi. Unaweza kumwagiza mwalimu aitamke b peke yake, bila irabu. Kuitamka ni juu yake.

Na hiyo b isiyo na irabu ndiyo inayotenganisha mwalimu na mwalimu. Kusoma Kiswahili tunafundishwa kwa silabi, ba be bi bo bu, na ni njia inayofaa, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Mtoto anaingia Kiingereza na mazoea hayo. "Cat" inakuwa kati, "desk" inakuwa deski. Huo si uvivu wa ulimi. Ndivyo Kiswahili kilivyowapokea wageni wote, blanketi, koti, sketi, benki. Mwalimu akiikemea ile "kati", mtoto atajifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Huyu wetu hakemei. Anamwambia mtoto aweke kiganja mbele ya mdomo na kulinong'ona neno. Katika mnong'ono irabu ya ziada haina nguvu. Pumzi ya t inagonga kiganja na neno limekwisha. Baada ya kulinong'ona mara kadhaa, anamruhusu kuongeza sauti kidogo kidogo, na irabu ikirejea wanarudi kwenye mnong'ono.

Kisha ana hila nyingine ambayo sijaiona katika mwongozo wowote. Sehemu ya watoto wake huenda chuoni, yaani madrasa. Huko wamekwisha kukutana na sukuni, kile kiduara kinachokaa juu ya herufi kuonyesha kwamba haina irabu. "Tuitie t sukuni," anasema, na kuchora kiduara juu ya t ya "cat". Watoto wa chuoni wanafunga neno papo hapo. Wasiosoma chuoni wanawatazama wenzao midomo, na siku ya pili wanakichora wenyewe. Walimu wa tajwidi, usomaji sahihi wa Kurani, wa pwani hii wamekuwa wakiwafundisha watoto makhraji ya herufi, yaani mahali inapotokea mdomoni na kooni, vizazi na vizazi. Mwalimu wa Kiingereza anayeanza kana kwamba watoto hawa hawajawahi kuufikiria ulimi wao anaitupa akiba kubwa. Tena th na dh, zinazowatesa wanafunzi wengi duniani, mtoto aliyezoea kusema thelathini na dhahabu hana la kuzihofia.

Anachokosa ni irabu. Sisi tuna tano. Kiingereza kina herufi zilezile tano, lakini kwa matamshi yanayofundishwa Uingereza sauti zake za irabu hukaribia 20. "Ship" na "sheep", "full" na "fool", "cat" na "cut" na "cart": sikio la Kiswahili linazitia zote katika vikapu vyake vitano na kuona kazi imekwisha. Hapa mwalimu hana njia ya mkato, wala haitafuti. Anafunika mdomo kwa daftari ili wasimsome midomo, anatamka maneno mawili, na watoto wananyoosha kidole kimoja wakisikia sawa, viwili wakisikia tofauti. Hakuna kuandika wala maana. Siku nyingine darasa zima linakosea, naye anayatamka tena kwa sauti ileile. Nilimtazama sana hapo. Kishawishi cha mwalimu yeyote ni kuirefusha ile "sheep" mpaka iwe kilio, ili watoto wapate. Hairefushi, kwa sababu Mwingereza wa redioni hatairefusha. Anasubiri sikio lifike lenyewe.

Wakikutana na "knife" kitabuni, swali haliepukiki: k inafanya kazi gani? Wengi tulijibiwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Yeye anawaambia kwamba zamani Waingereza waliitamka, na anawaacha waitamke, k-naif, darasa zima likicheka. Jibu hilo ni la kweli. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, k hiyo ilikuwa bado inasikika. Uchapaji ulisaidia kuigandisha tahajia huku matamshi yakiendelea na safari. Na b ya "debt" ilipachikwa na wasomi waliotaka neno lifanane na la Kilatini. Haikutamkwa kwa Kiingereza hata siku moja. Sisi tulibahatika kuchelewa. Mmisionari Krapf alipoweka makao Rabai mwaka 1846, si mbali na Mwakirunge, tahajia yake ya Kiswahili ilitangatanga vya kutosha, naye akiiita lugha yenyewe Kisuaheli. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930 ilisanifisha maandishi kwa kufuata matamshi yaliyo hai. Tahajia yetu haijapata karne za kuzeeka.

Mwalimu mwenzake wa Gredi ya Tatu anapambana na -ed. "Worked" watoto wanaisoma work-ed, kama ilivyoandikwa. Badala ya kuwapa kanuni, anawaambia waweke vidole kooni. Watamke sauti ya mwisho ya "work": koo limetulia. Ya "play": koo linatetemeka. Koo lililotulia linaleta t, linalotetemeka linaleta d. Na neno likiwa tayari limeishia na t au d, kama "want", silabi nzima inaongezeka, kwa kuwa bila hiyo mwisho usingesikika. Watoto wa miaka minane wanayatambua hayo kwa vidole vyao, na neno la sarufi halijatajwa bado.

Nimesema sikio kwanza, lakini kusikia sauti moja moja si kusikia lugha. Chukua "banana". Kwa Kiswahili a tatu zingekuwa ndugu sawa. Kwa Kiingereza ya katikati inabeba neno zima na mbili za pembeni zinafifia. Sentensi nazo huenda hivyo: maneno madogo yanamezwa, na mwanafunzi anayeweza kuisoma sentensi yote kitabuni anaisikia kama kelele. Zoezi la mwalimu wetu ni rahisi kuliko yote. Anasema sentensi kwa kasi ya kawaida na kuuliza: maneno mangapi? Wanabishana. Anairudia kwa kasi ileile. Wanahesabu tena. Kisha ananyamaza, na kimya chake kina kipimo. Kati ya 1980 na 1985 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini, na waandaaji walilazimika kupima kimya hicho mapema: redio iliuliza, ikanyamaza kiasi cha watoto kujibu kwa sauti, ikaendelea. Kimya kikiwa kifupi, mwepesi peke yake ndiye anayejibu. Kikiwa kirefu, darasa linapiga soga. Mwalimu aliye darasani ana nafasi ambayo redio haikuwa nayo: anaziona nyuso.

Waliowatangulia watoto hawa walifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambako karatasi ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na alama 30 za stadi za kusikiliza na kuzungumza, zote zikijibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa aliandika neno linalotamkwa sawa na jingine, akapigia mstari silabi yenye mkazo, na hakuna aliyemsikia. Ilikuwa ajabu, lakini si mzaha: asiyekuwa na sauti kichwani hakuwa na cha kuandika.

Swali lililobaki ni Kiingereza cha nani. Mwalimu mwenyewe anaitamka "bird" karibu sawa na "bad", kama Wakenya wengi, na hajisumbui kujificha. Uamuzi wake ninauunga mkono: tofauti lazima isikike, kuitamka ni kwa kadiri ya ulimi. Mtalii, mtangazaji na mkubwa wa kazi kutoka Nairobi hawatasema kwa namna moja, na mtoto atatakiwa kuwaelewa wote. Siku ya imla alisoma sentensi kuhusu ndege aliye mtini, na mvulana mmoja akaandika b-a-d. Mwalimu hakugusa herufi hata moja. Alimuuliza kwa Kiswahili, "Juu ya mti kuna nini?"

"Ndege."

"Haya, huyo ndege ndiye umwandike."