Neno Lililomshinda Mwenyewe

Wengi wausomao mchezo wa Kinjeketile, uliotungwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969, hudhani shabaha yake ni kuwacheka wazee waliotumaini maji mbele ya risasi za Wadachi mwaka 1905. Mimi sioni hivyo. Maji yale ni mfano wa umoja: makabila yaliyotengana yapata imani moja, na kwa imani hiyo yasimama pamoja.

Wala Kinjeketile si mlaghai. Kwanza aamini; kisha, azungumzapo na Kitunda, alikumbuka neno la Hongo kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye aingiwa na shaka. Ataka kuwazuia watu, lakini neno limekwisha kumtoka, limekua kuliko yeye. Hapo ndipo penye kiini cha mchezo.

Mwisho, akiwa mfungwa, atakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, wasije watoto wakadhani kwamba hata kupigania haki kulikuwa uongo. Je, asema kweli? Sisi tufundishao amri ya kutoshuhudia uongo, swali hili latuchoma. Mtungaji hatujibu, naye amefanya vyema. Maana mwalimu pia husema maneno asiyoweza kuyarudisha kinywani.