Mikwaruzo Ndani ya Kifuniko

Ina ukubwa wa sarafu. Ni vifuniko viwili vya chuma vinavyoingiana, na waya mwembamba uliopitishwa tunduni ukafungwa humo ndani. Ukiikuta mezani bila kuambiwa ni nini, utadhani ni kifungo cha koti kuukuu. Kwa miongo mingi wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wameifunga lakiri hii kwenye makasha ya urani, kwenye vinu vya nyuklia, na hata kwenye vyombo vyao wenyewe wanavyoviacha nyuma wakiondoka. Serikali ambazo hazikubaliani karibu kwa lolote zimekubali kulisadiki neno lake.

Lakiri tunazijua. Tumeziona kwenye sanduku la kura, kwenye lori la mafuta, kwenye mita ya umeme. Hizo zina namba, na namba mtu mwenye mashine nzuri anaweza kuighushi. Lakiri ya Shirika nayo ina namba kwa nje, ila siri yake iko tumboni. Kabla haijatoka makao makuu Vienna, fundi huweka lehemu iliyoyeyuka ndani ya kifuniko, kisha akaikwaruza. Anakwaruza tu, bila kufuata mchoro wowote. Mikwaruzo ile hupigwa picha na picha ikatunzwa. Muda ukifika, mkaguzi aliye nchi ya mbali huufuatisha waya kwa vidole kutoka tundu hadi tundu, akauvuta, akautazama kama umechakaa au umeguswa, ndipo akaukata. Anafunga lakiri mpya mahali pale, na ile ya zamani inarudi Vienna kulinganishwa na picha yake, mstari kwa mstari.

Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Fundi yuleyule, kwa chombo kilekile, hawezi kurudia mikwaruzo aliyoichora dakika moja iliyopita. Ni kama alama ya kucha kwenye udongo mbichi wa chungu. Hata mfinyanzi mwenyewe hawezi kuichora ya pili ikafanana nayo. Walioibuni lakiri hii hawakutafuta kitu kilicho kamili. Waliutafuta mkono wa binadamu na kutotulia kwake, wakaugeuza kuwa kufuli. Siku hizi zipo lakiri za kisasa zinazoweza kuthibitishwa palepale zilipofungwa, na kazi imekuwa nyepesi. Bado moyo wangu uko kwa ile yenye mikwaruzo.

Hata hivyo lakiri husema jambo moja tu: hapa hapajafunguliwa. Kilichomo kinataka macho. Fueli ikitoka kwenye kinu huwekwa chini ya maji mengi, kwa kuwa ina joto na mionzi ya kuua. Mkaguzi husimama kwenye daraja juu ya bwawa akiwa na chombo cha kutazamia mwanga ule wa samawati ambao mionzi huuzua majini. Hujiweka wima kabisa juu ya kila kitita cha fimbo za fueli, kwa sababu mwanga hupanda kupitia nafasi zilizo kati ya fimbo. Akisogea pembeni kidogo, unafifia. Kitita bandia hakitoi mwanga wa namna ile. Basi mkaguzi anakwenda kitita kwa kitita, safu kwa safu, bwawa zima. Shirika huhesabu kwamba kilo 8 za plutoni zaweza kutosha bomu moja, kwa hiyo hakuna safu ya kurukwa kwa uchovu.

Baada ya Vita vya Ghuba, mwaka 1991, iligundulika kwamba Iraki ilikuwa na kazi za siri kando ya zile zilizokuwa zikikaguliwa. Tangu hapo mkaguzi akaongezewa kitambaa cha pamba, mraba wa sentimita 10. Anavaa glavu safi, anafuta ukuta au meza, anakifunga kitambaa ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko. Kwenye maabara ya Seibersdorf, nje ya Vienna, hutafutwa chembe za urani zisizoonekana kwa macho, na mpimaji hupewa alama ya siri badala ya jina la nchi. Napenda sana sharti hilo la mwisho.

Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, ilipochukuliwa enzi za Ubelgiji kwenda kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, hapakuwa na lakiri wala kitambaa. Shirika lenyewe lilizaliwa mwaka 1957. Kila nisomapo habari za wakaguzi hawa, shimo lile hunijia akilini.

Sasa ufundi huu wa ukaguzi umefika mahali pagumu kuliko pote. Huko Olkiluoto, magharibi mwa Finland, limechimbwa kaburi la fueli liitwalo Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba. Vitita hufungiwa kwenye makopo makubwa ya shaba na kuzungushiwa udongo wa mfinyanzi. Wakaguzi wamezoea kwamba lolote likitiliwa shaka, watarudi kuhesabu upya. Pale hakuna kurudi. Ndiyo maana Finland, Umoja wa Ulaya na Shirika wamelazimika kukubaliana mapema jinsi ya kutazama mara ya mwisho. Kifaa kilichoidhinishwa mwaka 2017 kina umbo la andazi lenye tundu katikati, nacho huzamishwa bwawani. Kitita hushushwa tunduni, vipima mionzi vikakizunguka duara zima, na kwa dakika chache inachorwa picha yake kana kwamba kimekatwa katikati: kila fimbo nukta yake. Fimbo moja ikiwa imechomolewa, mahali pake patakuwa peusi.

Mtaalamu anaitazama picha ile, anahesabu nukta. Zikitimia, kitita kinaruhusiwa kwenda kwenye shaba.