'Wakati uo huo' si tafsiri ya kila 'meanwhile'

Mapema Juni, jirani yangu hapa Kimuka alinijia asubuhi akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa ilani ya ofisi fulani kuhusu kupimwa upya kwa mipaka ya mashamba, iliyoandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili chake kilisema: "Wapimaji watafika mwezi wa Agosti. Wakati uo huo, hakuna atakayeruhusiwa kuweka ua."

Jirani aliisoma akaona bado ana nafasi. Alinunua nguzo na seng'enge akazungushia shamba lake upesi, kabla ya Agosti. Siku tatu baadaye akaamriwa aung'oe ua wote kwa gharama yake.

"Profesa," aliniuliza, "si wameandika wakati huo huo? Na hapo juu wameandika Agosti. Sasa kosa yangu ni gani?"

Mpenzi msomaji, jirani yangu hakukosea. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Aliyekosea ni mfasiri aliyekutana na neno 'meanwhile' akalipachika tafsiri ya kwanza iliyomjia.

Neno hilo la Kiingereza limeundwa kwa vipande viwili. Cha pili, 'while', ni wakati. Cha kwanza, 'mean', kilitoka Kifaransa cha kale na asili yake ni Kilatini, kwa maana ya kitu kilicho katikati. Kwa hivyo 'meanwhile' kimsingi ni wakati wa katikati: kipindi kilichopo baina ya sasa na jambo linalongojewa. Baadaye lilipata kazi ya pili, yaani kueleza kwamba mambo mawili yanatendeka sambamba.

'Wakati uo huo' hufanya kazi hiyo ya pili tu. 'Uo huo' ni kiashiria kisisitizi. Humrudisha msomaji kwenye wakati uliokwisha kutajwa. Katika ilani ile, wakati uliotajwa ni Agosti. Badilisha uone: "Agosti hiyo hiyo, hakuna atakayeruhusiwa kuweka ua." Ndivyo jirani alivyoelewa, na sarufi iko upande wake.

Nadhani mazoea haya tumeyaokota katika taarifa za habari. Mtangazaji akimaliza habari ya ukame Kajiado, husema "wakati uo huo" kisha akaingia habari ya bei ya mafuta. Hapo kirai hiki ni uzi wa kushonea tu, hakielezi wakati wowote. Kama ni mahali panapobadilika, 'kwingineko' linatosha. Kama kweli mambo yanaenda sambamba, tuna 'hayo yakijiri'.

Yupo atakayesema lugha hukua na maneno hupanuka maana. Sikatai. Lakini maana hupanuka pale msemaji na msikilizaji wanapoelewana. Hapa mmoja alimaanisha Juni na mwingine akaelewa Agosti.

Wala si kwamba Kiswahili kina upungufu. Msimulizi wa ngano akimwacha shujaa msituni ili atueleze yanayotokea nyumbani, husema 'huku nyuma'. Anayeomba subira husema 'kwa sasa' au 'hadi hapo'. Zaidi ya hayo, tuna 'po' ya wakati, inayokaa ndani ya kitenzi chenyewe: 'hadi watakapofika'. Hata 'interim', jamaa ya karibu ya neno letu, haikutushinda. Tume iliyosimamia kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 ilikuwa na neno hilo katika jina lake la Kiingereza, nasi tukaiita tume ya muda. Serikali inayovusha nchi kutoka hali moja hadi nyingine ni ya mpito. Anayeshikilia cheo cha mtu ni kaimu. Kila neno lina mahali pake.

Sisi walimu pia tuna lawama. Tumetumia miaka mingi kubishana kama ni 'uo huo' au 'huohuo', tukasahau kuwauliza wanafunzi wetu ni wakati upi hasa wanaoutaja.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi sehemu ya Kiswahili katika ilani si pambo. Mwananchi ana haki ya kuisoma na kuitii bila kwanza kuilinganisha na Kiingereza.

Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ile: "Kuanzia leo hadi wapimaji watakapomaliza kazi, hakuna atakayeruhusiwa kuweka ua." Jirani akaisoma mara moja.

"Hii ningeelewa," akasema, "na seng'enge ingekuwa bado kwa duka."